Balozi Aliyekaa Mlangoni Kwetu

Wapendwa, wazee wangu shikamooni, na ninyi wenzangu habari za asubuhi. Mchungaji amenipa nafasi ya kushuhudia, lakini kabla sijapanda hapa alinishika mkono akaninong'oneza, "Mheshimiwa, hii ni madhabahu, si jukwaa la kampeni." Nimemwahidi. Mkiniona nanyanyua kidole na kuanza kuahidi zahanati, kohoeni tu, nitashuka mwenyewe.

Najua wengi mmedhani nimekuja kushukuru kwa kura. Kura nazishukuru, lakini sikusimama kwa ajili hiyo. Nimesimama kwa sababu mama yangu ameketi pale, benchi la mbele upande wa akina mama, amejifunga kitenge cha bluu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku moja gari litakuja limchukue, na mimi nitabaki nimesimama barabarani nikilitazama vumbi. Hofu hiyo ilinila, ndugu zangu. Ilinila mpaka nikabaki suruali na mkanda. Leo nitaisema mbele yenu bila kumtaja mtu kwa jina, maana baadhi ya ninaowasema wamo humu, na kuna mmoja hapendi kabisa kutajwa.

Mama yangu amezaliwa ng'ambo ya mpaka, wanakosema Kirundi. Ng'ambo ninayoisema mnaijua. Ukisimama Kabanga asubuhi ukungu ukiondoka, unaiona migomba yao, na wao wanaiona yenu. Baba yangu alikuwa Mhangaza wa Kibimba. Alivuka, akachumbia, akatoa ng'ombe, akamleta mke wake nyumbani. Siku hizo mpaka ulikuwa shughuli ya Wazungu. Wanawake walivuka kwenda kuwasalimia mama zao, jioni wakarudi na kikapu cha maharage kichwani. Baba alifariki nikiwa kijana, na mama hakurudi kwao. Alibaki na shamba, na watoto, na makaburi. Hakuandikishwa popote kuwa raia. Nani angemwandikisha, na kwa sababu gani? Kila mtu pale kilimani alimjua kuwa ni mke wa fulani, basi.

Uhuru ulipokuja watu wa Kibimba walinichagua kuwa diwani. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane na nilikuwa na koti moja. Lo, nililivaa koti lile! Nililivaa hata kwenye jua la mchana nikikagua daraja la magogo. Nilisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, nilipigania barabara, nilibishana na wakubwa wa wilaya mpaka wakawa wanajificha wakiniona. Kuna wazee humu wanakumbuka. Nataka mkumbuke hivyo, kwamba sikuzaliwa mwoga. Nilikuwa mtu wa kelele.

Kisha ukaja mwaka ule watu wa ng'ambo walipouana. Walivuka wakiwa na mikeka kichwani na watoto migongoni, na wengine walivuka bila watoto. Mama alikuwa anakwenda kusimama njiani na mtungi wa maji, anawapa wanywe, anawauliza habari za kwao. Siku moja mwanamke mmoja alimjibu. Kaka zake mama hawakuvuka. Nyumba ya baba yake haikuwepo tena. Mama alimaliza kuwanywesha wale watu, akarudi nyumbani, akalala siku mbili bila kula.

Serikali yetu iliwapokea wale wageni, tusiseme uongo. Wengi walipelekwa mbali, huko Tabora na Mpanda, wakapewa ardhi, na wapo mpaka leo wanalima tumbaku. Lakini siku malori yalipokuja, kati ya waliopandishwa alikuwemo jirani yetu mmoja mzee, msusi wa vikapu. Alikaa kilimani kwetu tangu kabla sijazaliwa. Aliulizwa alizaliwa wapi, akasema kweli, akapandishwa. Aliniita kutoka juu ya lori, "Diwani! Diwani, waambie!"

Nilikwenda kuwaambia. Niliingia ofisini na koti langu. Bwana mmoja akanisikiliza kwa adabu, akaniambia, "Ndugu, mabaraza ya madiwani yamevunjwa. Huna habari?" Kweli, sikuwa na habari. Nilitoka ofisini si diwani tena, lori limekwishaondoka, na yule mzee sijamwona tena. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anamenya ndizi, na tangu dakika ile kila nilipomwona nilimwona yuko juu ya lori.

Hofu ikaingia hivyo. Haikubisha hodi.

Ikaja zamu ya kuhamia vijijini. Mliobomolewa nyumba mnajua, sina haja ya kuwasimulia. Tukaiacha migomba yetu kule juu ikizaa ndizi za kuliwa na nyani, tukashuka huku barabarani, nyumba zimepangwa mstari. Mkanichagua mwenyekiti wa kijiji. Tukapangwa nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake wa chama. Ninyi vijana ambao hamjali mambo haya, sikilizeni. Balozi ndiye anayejua nani amelala wapi. Mgeni akija kwako, unamwarifu. Ukitaka kusafiri, yeye ndiye wa kwanza kukuandikia. Wakubwa wakitaka kujua habari za nyumba, hawamwulizi mwenye nyumba, wanamwuliza balozi.

Sisi katika kumi letu tulimchagua Msukuma. Alikuwa ametoka Shinyanga na ng'ombe zake, akakaa kidogo Nyamahanga kule Biharamulo, malisho yakambana, akaja kwetu. Mrefu, maneno machache, fimbo mkononi saa zote. Tulimchagua kwa akili zetu kabisa. Tulisema, huyu hana shemeji wala mjomba hapa, hatampendelea mtu. Nami niliunyoosha mkono wangu juu kumpigia kura. Baadaye niliutazama mkono ule nikatamani uniombe radhi.

Kisha vita. Mkoa wetu ulikuwa bado haujaitwa Kagera. Redio ikasema nduli amevuka mto, na huku kwetu watu waliotoka upande wa Bukoba wakaanza kupita na magodoro juu ya baiskeli. Tulichimba mahandaki shuleni. Tulitoa maharage, tulitoa mbuzi, tulitoa vijana. Nikiwa mwenyekiti nilisimama nao barabarani wakipanda magari, wanaimba, na mama zao wamejishika vichwa. Ndege ikipita juu, kuku na watoto wanaingia mvunguni pamoja.

Akaja ofisa mmoja kutuhutubia. Sina neno baya juu yake, alikuwa anafanya kazi yake. Akasema adui ana wapelelezi, mpaka ni mrefu, macho yawe wazi. Yeyote asiye raia ajulikane. Mabalozi wote wataitwa ofisini, mmoja mmoja, waeleze nyumba zao.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa amesikia yote, maana alikuwa mkutanoni nyuma ya akina mama. Alikuwa ameketi jikoni. Akaniambia, "Mwana wanje, mwanangu, kuanzia leo sisemi."

Nikadhani ni maneno ya hasira. Asubuhi jirani alipita akamwamkia, mama akagusa koo lake, akatikisa kichwa. Ninyi mnamjua mama yangu. Huyu ni mtu aliyekuwa akikutana nawe kisimani, maji yanajaa, yanamwagika, yeye bado hajamaliza kusalimia. Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi tu. Na hicho Kirundi chake, ingawa ni ndugu wa Kihangaza chetu, Mhangaza yeyote akikisikia sentensi mbili anajua kimetoka upande gani wa mlima. Kwa hiyo alikiweka kinywani akafunga. Mkaleta asali, mkaleta majani ya kutafuna, mkamwombea humu humu kanisani koo lipone. Nikasimama pale mlangoni nikasema amina kwa sauti kubwa, jasho linanitiririka.

Sikumwambia afanye hivyo, na sikuweza kumwambia aache. Hata nyumbani alinyamaza, kwa sababu kuta zetu ni udongo na jirani ana masikio. Tulikula tukitazamana.

Siku balozi wetu alipoitwa ofisini nilikuwa nje, chini ya dirisha, najifanya narekebisha baiskeli. Sikusikia kitu. Alitoka, akanitazama, akasema "Mwangaluka," ile salamu yao, akaenda kwenye ng'ombe zake. Hakuna zaidi. Nilibaki na mnyororo mkononi nikijiuliza, amesema au hajasema? Kama hajasema, anangoja nini?

Na hapo, wapendwa, ndipo yalipoanza mateso yenyewe. Kila mgambo walipopita kukagua nyumba, kila gari lilipoingia kijijini, balozi alifika kwangu kabla yao. Anakuja na kigoda chake cha miguu mitatu, anakiweka mlangoni kwangu, anaketi, fimbo juu ya magoti. Hasemi. Mgambo wanafika, wanamkuta balozi ameketi pale, wanampa heshima yake, wanapita nyumba ya pili. Wakishatoweka anasema "Haya," anabeba kigoda chake, anaondoka.

Mimi nilielewa nini? Nilielewa kwamba ananilinda nisimtoroshe mama. Nilijua kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba huyu mtu amekwisha kutuuza na sasa anangoja gari lenyewe lije, huku amekaa karibu ili tusikimbie. Nilikuwa nampelekea maji, naweka chini, narudi ndani, nafunga mlango, namchungulia kwenye ufa. Jua linampiga yeye, na mimi ndani natetemeka. Mke wangu, ambaye Mungu alimpa ulimi mkali na usingizi mzuri, aliniuliza, "Huyu mzee anakuja kumchumbia mama mkwe au vipi? Mwambie alete ng'ombe, anazo." Sikucheka. Yeye alicheka peke yake, halafu akaona uso wangu akaacha.

Niliwaza kumpeleka mama Mwanza, kwa ndugu mmoja wa marehemu baba. Lakini wakati wa vita huwezi kusafiri bila barua ya balozi. Ningekwenda kumwambia nini? Niandikie barua nimtoroshe mtu unayemlinda?

Chakula kikanikataa. Nikisikia Landrova ikipanda mlima, nakimbilia chooni. Kwenye mikutano nilianza kugugumia. Mimi, wa kelele! Nikajiuzulu uenyekiti, nikasema ni tumbo, na kwa hilo sikudanganya. Mkasema nimerogwa. Ndugu wakanipeleka kwa mganga. Mchungaji, nisamehe, walinibeba. Mganga akatazama vitu vyake, akasema anayekumaliza ni jirani mwenye ng'ombe. Ndugu zangu, mngesikia moyo wangu! Akanipa dawa ya kufukia mlangoni, mahali pale pale anapokaa. Nikaifukia. Mke wangu akaifukua akaitupa chooni, akaniambia, "Mzee wa watu akidhurika hapa mlangoni, wewe ndiye utakayepandishwa hilo lori."

Nilifikia mahali nikawa namwomba Mungu balozi ahame. Sikumwombea mabaya. Ahame tu, malisho yaishe, ng'ombe wapate kiu, arudi Shinyanga. Mvua ikanyesha vizuri mwaka ule.

Vita ikaisha. Vijana wetu wakarudi, si wote, na mliowapoteza nawaona hapa na sitawasahau. Watu walicheza barabarani. Mama alitoka akapiga makofi na wenzake, mdomo umefungwa. Niliona wanawake wote wanapiga vigelegele na mama yangu anapiga makofi tu, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Vita ya wengine imekwisha, yetu bado. Maana ni nani atakayemwambia mama sasa unaweza kusema? Na akisema, nani atauliza alikuwa wapi?

Basi uchaguzi ukafika, mkanijia. Mkasema tunataka mtu wa hapa agombee ubunge, tunataka yule diwani wetu. Nikakataa. Mkaja tena. Mke wangu akanivuta pembeni, akasema, "Ukikataa mara ya tatu watauliza kwa nini. Wakianza kuuliza, hawataacha." Niliona mlango wa mbele una simba na wa nyuma una simba. Mama alikuwa pale, ametusikia. Alinyoosha mkono akaionyesha barabara. Nenda.

Kwenye vikao vya chama waliniuliza habari za wazazi. Nilijibu, "Baba ni wa Kibimba, amezikwa Kibimba. Mama yuko nyumbani, ni mzee, hasemi." Mmoja akasema pole. Wakaendelea na mtu mwingine. Niliketi nikiwa nimelowa mgongo mzima.

Wakubwa wa chama wakayarudisha majina mawili, langu na la mwalimu mmoja. Mnakumbuka utaratibu wetu. Wagombea wawili, chama kimoja, Landrova moja. Mwalimu akapewa alama ya jembe, mimi nikapewa nyumba. Mzee mmoja akanitania, "Walizibomoa zetu, sasa wanakupa wewe moja!" Tulizunguka jimbo lote na wasimamizi wetu, tunakula sahani moja, tunalala chumba kimoja. Mwalimu alikuwa mcheshi, anakoroma, anagawa karanga zake. Nami kila nilipomtazama nilijiuliza, anajua? Kanuni zilikuwa wazi. Husemi kabila la mtu, husemi dini yake, husemi asili yake, na huhutubii kwa lugha nyingine ila Kiswahili. Nilizishika kanuni zile kama mtu aliyeshika kamba shimoni. Lakini anayeuliza swali kutoka kwenye umati, nani amemfunga mdomo?

Mkutano wa mwisho ukawa hapa kwetu, uwanja wa shule, yale mahandaki bado hayajafukiwa vizuri. Mlikuwepo. Nilihutubia vibaya, mwalimu akahutubia vizuri. Msimamizi akaomba maswali. Mtu mmoja akasimama nyuma. Si wa kijiji hiki, na sijui mpaka leo alitumwa na nani au alijituma. Akasema, "Mgombea wa nyumba atuambie. Mama yake mzazi ni mtu wa nchi gani?"

Mligeuka wote kumtazama. Hata watoto. Nilimtazama msimamizi akatae swali, kanuni iko mkononi mwake. Akanigeukia, akangoja. Nadhani na yeye alitaka kujua. Nilifungua mdomo. Mbele ya macho yangu niliona lori, naapa niliona mpaka kitambaa cha turubai.

Ndipo mama akasimama.

Alisimama katikati ya wanawake, akajifunga kitenge upya, akaanza kusema. Kwa lugha yake. Miaka yote ile, na sauti ilikuwa ile ile. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi.

Msimamizi akapiga meza. "Mama, Kiswahili! Kanuni inataka Kiswahili."

Mama akanyamaza, akatazama huku na huku. Hakuwa nacho. Na mimi, mwanawe, mwenye darasa la nane, ulimi wangu ulikuwa umeganda.

"Ndugu msimamizi." Ilikuwa sauti nzito kutoka pembeni. Balozi wetu alikuwa amesimama na fimbo yake. "Naomba nimtafsilie mama huyu."

Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Aliyemlinda ndiye anayemkabidhi.

"Wewe Msukuma unajua Kihangaza?" msimamizi akauliza, na watu wakacheka kidogo.

"Nimekaa na watu hawa. Mke wangu analima na huyu mama. Shambani mama huyu anaongea sana." Akamgeukia mama, akamwashiria aendelee.

Mama akasema, balozi akatafsiri, na maneno yake mnayakumbuka kuliko mimi, maana masikio yangu yalikuwa yanavuma. Alisema, "Nimezaliwa ng'ambo. Nililetwa hapa kwa ng'ombe, mchana, watu wakiona. Mume wangu yumo katika ardhi hii. Watoto wangu wanne wamo katika ardhi hii, na huyu ni wa tano, bado anatembea. Kule nilikotoka hakuna mlango wa kubisha. Nimefunga kinywa changu ili mwanangu asiulizwe. Leo ameulizwa. Basi mniulize mimi."

Yule wa nyuma hakuuliza tena. Msimamizi akamwuliza balozi, "Nawe ulijua haya wakati wa vita? Ulipoulizwa kama nyumba zako kumi zina mgeni, ulijibu nini?"

Balozi akasema, "Nilijibu kweli. Nilisema yupo mgeni mmoja. Wakatoa kalamu. Nikawaambia, ni mimi. Nimetoka Shinyanga na ng'ombe, hapa nina kabuli la mtoto mmoja tu. Hawa wengine wote ni wenyeji."

Alipoketi, mwanamke mmoja akasimama, simtaji, akasema, "Sisi wa Kibimba tulijua." Akasimama mwingine. Akasimama mzee mmoja kwa mkongojo. Mkasimama, ndugu zangu. Mlijua! Mlimpa asali ya koo na mlijua. Mlimwombea humu ndani apone, na mlijua. Na mimi nilikuwa nakonda peke yangu nikidhani nawaficha.

Msimamizi alikohoa akasema, "Swali lile lilivunja kanuni. Nilipaswa kulikataa mapema. Tuendelee." Kwenye Landrova mwalimu alinipa karanga zote zilizobaki. Sikumwuliza kama swali lile lilikuwa lake. Alinipongeza kura zilipotangazwa, akanikumbatia, na mimi nimeamua kuliamini kumbatio lile.

Baada ya matokeo nilikwenda kwa balozi. Nilimkuta anakamua. Nikamwuliza, "Mzee, kwa nini hukuniambia unakaa mlangoni kwangu ili mgambo wapite?"

Akasema, "Ningekuambia, tungekuwa wawili wenye jambo. Wangeniapisha, wakaniuliza, umewahi kuzungumza na mwenyekiti habali za mama yake? Nilitaka niseme hapana, na iwe kweli." Akakamua kidogo tena. Halafu akasema, "Lakini na wewe. Hukunikalibisha ndani hata siku moja. Jua lilikuwa kali."

Wapendwa, maneno yale yalinichoma kuliko hofu zote.  Nilishika ndama wake ili afanye kazi kwa mikono miwili.

Sasa nashukuru. Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mliosimama. Namshukuru mke wangu kwa ulimi wake na kwa ile dawa aliyoitupa chooni. Nakushukuru wewe mzee uliyeketi nyuma karibu na mlango, unayejifanya unatazama nje. Na somo langu ni dogo, wala sikulisoma kitabuni. Mtu mwenye hofu anaona kila anayemkaribia kuwa ni adui. Ukiogopa, mwambie mmoja. Mchague vizuri, lakini mwambie. Mimi ningemkaribisha mtu mmoja ndani, ningepona miaka ile ile.

Msidhani nimepona kabisa. Leo asubuhi gari la mchungaji lilipopanda mlima, nilitafuta choo kiko wapi. Na kuna jambo lililobaki, ndilo hasa lililonisimamisha hapa. Jumatatu, kabla sijakwenda kuapishwa, nampeleka mama wilayani akaandikishwe uraia. Mwenyewe amesema hataki kulindwa na cheo cha mtoto, maana vyeo vinavunjwa siku ambayo huna habari. Anataka aingie ofisini, aulizwe alizaliwa wapi, aseme kweli, kisha arudi nyumbani jioni kama watu wengine.

Naogopa Jumatatu. Naiogopa kuliko Bunge zima. Sijui watasema nini. Balozi amekubali kwenda nasi, lakini ameomba kuwe na watu wengine wenye Kiswahili kizuri kuliko chake. Basi la wilayani linapita hapa asubuhi, tutasimama pale karibu na shule. Mwenye nafasi na aje, hata kama ni kukaa kwenye benchi la nje tu. Mkiniona natetemeka msinicheke sana. Nishikeni mkono, na mama mwacheni aongee.